Safari Isiyo na Mwenyeji

Neno ni chombo, na chombo kilichoazimwa hurudi na alama za mikono iliyokitumia. Neno safari lilitoka katika Kiswahili likiwa zima. Lilipokewa na Waingereza, Wafaransa na Wajerumani, likazunguka dunia, na sasa linarudi masikioni mwa wenyewe likiwa limepungukiwa kiungo. Kiungo kilichopungua ni mwenyeji. Insha hii ina dai moja: likizo ya familia inayojiendeshea motokaa katika hifadhi ya wanyama, kwa namna inavyosifiwa siku hizi, haijastahili kuitwa safari mpaka mwenyeji arudishwe mahali pake. Kutoonekana kwake hakukuletwa na bahati. Kulifanywa na watu, kwa sheria na kwa moto, katika miaka inayojulikana.

Insafu humtaka mshitaki ataje kwanza wema wa mshitakiwa. Mfano ulio dhahiri wa likizo ya namna hii ni Hifadhi ya Taifa ya Kruger katika Afrika ya Kusini, nchi ya kilomita za mraba karibu 19,500, inayopakana na Msumbiji kwa mashariki na Zimbabwe kwa kaskazini. Mzazi mmoja hushika usukani, mwingine hushika ramani, na watoto nyuma huhesabu wanyama. Mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa penye lami, wala 40 penye changarawe. Malango hufunguliwa alfajiri na kufungwa magharibi, na achelewaye hutozwa faini. Kushuka garini ni marufuku ila mahali palipotengwa. Usiku huangukia kambini, nyama ikichomwa juu ya makaa na fisi akilia nje ya ua.

Likizo hii ina fadhila. Mtoto aliyekaa kimya nusu saa akitazama tembo wakivuka mto Letaba amepata somo la subira ambalo darasa haliwezi kumpa. Mtu wa mshahara wa kadiri, asiyeweza kulipia hoteli ya anasa na dereva wake, huweza kuwapa wanawe mandhari ile ile anayopewa tajiri. Tena, tangu sheria za ubaguzi zilipofutwa, lango hili limekuwa wazi kwa familia nyeusi za Afrika ya Kusini ambazo zamani zilidharauliwa mlangoni. Katika siku za ubaguzi, mgeni mweusi aliyetaka kulala hifadhini alitengewa kambi ndogo ya Balule, yenye malazi duni, huku kambi zenye bustani zikiwa za weupe. Kwa hiyo usukani hauna hatia. Mwenye kuulaumu usukani amelaumu upinde kwa kosa la mshale.

Kosa limo katika sifa. Likizo hii husifiwa kwa jambo moja kuliko yote: upweke. Wanaoisifu husema hakuna kiongozi wa kuiharakisha familia, hakuna mtu wa kati, ni jamaa peke yao na pori tupu, kama lilivyokuwa siku ya kuumbwa. Upweke huu ndio bidhaa inayouzwa langoni pamoja na ramani. Familia hukaa siku kumi, ikarudi kwao inajua majina ya ndege mia moja, lakini haijui jina la mtu hata mmoja aliyezaliwa katika nchi ile. Ilisema na karani, na mtia petroli, na mfagiaji wa kambi. Kila mara ilisema kwa ajili ya stakabadhi, ikashika njia yake. Kisha huambiwa, nayo huamini, kwamba imeiona Afrika.

Katika matumizi ya wenye lugha, safari haikupata kuwa kitu cha namna hiyo. Mtu atokaye Tanga kwenda Mwanza kwa basi yumo safarini, na hapana twiga anayehitajiwa ili safari yake itimie. Safari ina nguzo nne: mahali pa kutoka, mahali pa kwenda, njia, na watu wa njiani. Nguzo ya nne ndiyo iliyozaa adabu zote za ugeni. Msafiri hupiga hodi. Husubiri kukaribishwa. Husema atokako na aendako. Hupewa maji kabla ya kuulizwa haja yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wamesema wahenga. Maana ugeni uliodhaniwa na wahenga ulikuwa na faida pande mbili.

Hata misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, haikuthubutu kujidai kuwa peke yake. Mbele yake alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia, maji na lugha. Ilipofika katika nchi ya mtawala ilisimama ikatoa hongo. Leo hongo ni jina la rushwa, na wengi wamesahau kwamba lilikuwa jina la ushuru aliopewa mwenye nchi ili wageni wapite kwa ruhusa. Hapana haja ya kuipamba misafara ile. Ilibeba pembe za ndovu, ikaburura watumwa, na mifupa ya wanyonge ilibaki njiani. Lakini yatazamwe maajabu haya: hata msafara wa dhulma ulijua kwamba nchi ina mwenyewe. Jambo ambalo mfanya biashara ya pembe alilijua, mtazamaji wa tembo hutakiwa asilijue.

Badiliko lilikuja kwa hatua. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani kwenda Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, ni mmoja wa waliolipeleka neno hili katika vitabu vya Kiingereza. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Kwa hesabu ya Roosevelt mwenyewe baba na mwana waliua wanyama 512. Hapo neno lilikwisha kuoa bunduki, na dunia ikapata picha ya kwanza mashuhuri ya safari ya jamaa: mzazi na mtoto mbele, mamia ya wapagazi nyuma. Baadaye kamera ilichukua nafasi ya bunduki, na hilo ni jema. Motokaa ilichukua nafasi ya wapagazi, na hilo pia ni jema, kwani hapana mwenye akili atakayeulilia mzigo wa kichwani. Walakini mzigo ulipoondoka, sauti nayo iliondoka. Mpagazi aliweza kusema: hapa ni kwetu. Buti la motokaa halisemi.

Sasa na itazamwe nchi yenyewe inayoitwa tupu. Hifadhi ya Sabi, iliyo chimbuko la Kruger, ilitangazwa mwaka 1898. Mwaka 1902 aliwekwa James Stevenson-Hamilton kuiangalia, akadumu katika kazi hiyo mpaka mwaka 1946. Mapema katika utawala wake aliwaondoa watu waliokuwa wakikaa ndani ya mipaka. Wenyeji walimpa jina, Skukuza, ambalo hufasiriwa kuwa ni mfagiaji, atakasaye mahali pasibaki kitu. Mwaka 1926 sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa, na mwaka 1927 motokaa tatu za watalii ziliingia. Mwaka 1936 kambi kuu ilipewa jina la Skukuza kwa heshima ya bwana huyo. Ndiyo kambi kubwa kuliko zote mpaka leo. Kila usiku mamia ya watoto hulala kwa amani ndani ya jina la Mfagiaji, na hapana awaambiaye kwamba kilichofagiwa kilikuwa watu.

Upande wa kaskazini iko kambi nyingine ambayo jina lake lingepaswa kumshitua kila msomaji wa Kiswahili: Punda Maria. Jina hili lilitolewa mwaka 1919 na mhifadhi wa kwanza wa sehemu zile, J. J. Coetser, ambaye aliokota maneno punda milia kutoka Kiswahili cha Afrika ya Mashariki. Mkewe aliitwa Maria, na husimuliwa kwamba alipenda nguo za mistari. Basi mnyama na mke wakaungana katika kibao kimoja. Ni mzaha mdogo usio na ubaya. Lakini mzaha huu ni ushahidi. Neno la Kiswahili lilivuka maelfu ya kilomita likapewa makao ya kudumu, likapakwa rangi kila lilipochakaa, na watu waliokuwa na majina yao ya kale jirani na kibao hicho wakafukuzwa.

Watu hao ni Wamakuleke. Walikaa Pafuri, kaskazini ya Punda Maria, katika pembe ya nchi iliyo baina ya mito Luvuvhu na Limpopo. Walilima kando ya maji, wakavua, wakachunga, na wanyama walikuwapo pamoja nao. Mwaka 1969 serikali ya makaburu iliwahamisha, watu wapatao 3,000, ikawapeleka Ntlaveni, nchi ngeni kwao, ili Pafuri itiwe hifadhini. Wazee wao husimulia kwamba walilazimishwa kuzitia moto nyumba zao kwa mikono yao wenyewe. Baada ya hapo ramani zilichapwa, na ramani hizo hazikuonyesha kijiji. Familia iliyopita njia ile mwaka 1975 iliona mibuyu, nyati na ndege adimu, ikashukuru kwamba mahali pazuri kama pale hapajaguswa na binadamu. Iliambiwa uongo na ramani, na ramani haioni haya.

Wako pia wasafiri wengine ambao hawatajwi katika vitabu vya wageni. Vita vya Msumbiji, vilivyodumu tangu mwaka 1977 mpaka 1992, viliwafukuza watu wengi sana kuelekea Afrika ya Kusini, na njia ya wengi wao ilikata katikati ya Kruger. Walikwenda kwa miguu, aghalabu usiku, wakikimbia askari na uzio wa umeme wa mpakani. Baadhi yao waliliwa na simba. Mchana, katika hifadhi hiyo hiyo, wazazi waliwafundisha watoto wao kwamba kushuka garini ni hatari. Walisema kweli. Lakini katika nchi moja, chini ya jua na mwezi mmoja, familia mbili zilikuwa njiani: moja ikitafuta simba ili imwone, nyingine ikiomba simba asiione. Ya kwanza ndiyo inayoitwa safari katika lugha zote za dunia. Ya pili, ambayo Mswahili yeyote angeiita safari bila kusita, haikupewa jina hilo wala kibao.

Madai ya utupu huvunjwa pia na mawe. Juu ya kilima karibu na mto Luvuvhu ziko kuta za Thulamela, mji uliojengwa kwa mawe yasiyo na chokaa, uliostawi hasa katika karne ya 15 na ya 16. Uchimbaji wa miaka ya 1990 ulifukua makaburi ya wakubwa, dhahabu iliyofuliwa, ushanga wa kioo na vipande vya kauri ya China. Ushanga na kauri havikuota porini. Vilipanda kutoka pwani ya Bahari ya Hindi, katika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala. Na Sofala, kabla Wareno hawajajenga ngome yao hapo mwaka 1505, ilikuwa bandari iliyofungamana na Kilwa. Basi Kiswahili hakikufika huko mara ya kwanza katika mkoba wa Coetser. Bidhaa za watu wa pwani zilitangulia kwa karne kadhaa, na zilipokewa na wenyeji waliokuwa na wafalme, wafua chuma na wafua dhahabu. Huo ulikuwa ugeni wenye mwenyeji.

Jambo moja kuhusu Thulamela litosheleze hoja. Familia haiwezi kujiendesha mpaka kutani. Hupandwa kwa miguu, pamoja na kiongozi. Katika nchi yote hiyo ya lami na changarawe, mahali panapoonyesha waziwazi kwamba nchi ilikuwa na watu hapafikiki mpaka msafiri aache usukani na kumfuata mtu. Wengi hawaendi. Husema asubuhi ni fupi, na chui huenda akaonekana barabarani.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu matatu, na kila moja lastahili kusikilizwa.

La kwanza ni kwamba bila kuwaondoa watu wanyama wangekwisha. Ni kweli kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanyama wa kusini walikuwa wamepungua sana. Lakini na iulizwe: walipunguzwa na nani? Wawindaji wa biashara ya ngozi na pembe, wenye bunduki na magari ya ng'ombe, ndio waliofyeka makundi. Na tauni ya ng'ombe iliyoingia mwaka 1896 ikamaliza sehemu kubwa ya yaliyosalia. Mwanakijiji wa Pafuri alilipishwa deni la mtu mwingine. Tena wanyama walikuwapo Pafuri mwaka 1969, na kuwapo kwao ndiko kulikoifanya nchi ile itamaniwe. Kama wenyeji walikuwa adui wa wanyama, wanyama hao walitunzwa na nani?

Jibu la pili ni la fedha. Husemwa kwamba ada ya langoni hulipa walinzi, na walinzi huwalinda vifaru dhidi ya majangili. Hakuna mwenye kukana. Ujangili wa vifaru umeitesa Kruger tangu mwaka 2008, na walinzi wengi hufanya kazi kwa ushujaa. Lakini mlinzi wa kudumu kuliko wote ni jirani aliyeridhika. Mtu anayeiona hifadhi kuwa ni shamba lililonyang'anywa babu yake hatahuzunika sana likiibwa. Ada inayokwenda kwa mlinzi na kumpita jirani hununua bunduki, na bunduki hazijatosha.

Jibu la tatu ndilo la hila zaidi. Husema: likizo si mahakama, mzazi amechoka na kazi, watoto wametoka shuleni, waacheni watazame twiga. Maneno haya yana huruma, lakini hayana heshima kwa mtoto. Mtoto anayeweza kujifunza majina ya aina tano za tai aweza pia kujifunza neno Makuleke. Mtoto anayeulizwa simba hula nini aweza kuulizwa ni nani aliyekaa hapa. Kumwambia nchi ni tupu ni kumfundisha, katika umri anaoamini kila kitu, kwamba uzuri wa Afrika huanza pale Waafrika wanapokwisha. Akikua atakuwa mfadhili au waziri, na atalikumbuka somo hilo kwa utamu wa nyama ya makaa. Hapo ndipo likizo inapogeuka kuwa siasa, ingawa hapana aliyekusudia.

Kwamba njia nyingine inawezekana kumekwisha kuthibitishwa, na waliothibitisha ni wale wale waliofukuzwa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994 Wamakuleke walidai nchi yao kwa sheria. Mwaka 1998 mapatano yalifungwa: walirudishiwa miliki ya zaidi ya hekta 20,000 za Pafuri. Watu wengi walitazamia kwamba watang'oa uzio na kuingiza ng'ombe. Hawakufanya hivyo. Waliamua nchi ibaki hifadhini, wakashirikiana na wakuu wa Kruger katika kuiangalia, wakakaribisha wenye mitaji kujenga nyumba za wageni, na wageni wakalipa kwa mwenye nchi. Mapatano hayo hayakumaliza kila taabu, na si kila mwanakijiji ameona fedha mkononi. Lakini jambo kuu lilisimama: hongo, katika maana yake ya kale na ya heshima, ilirudi kwa mwenye kustahili. Simba wa Pafuri hawakuona tofauti. Watu waliiona.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki asiyacheke makosa ya kusini kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Mwaka 1959 Wamaasai walitolewa katika Hifadhi ya Serengeti, na Ngorongoro ikatengwa kuwa nchi ya wanyama na wafugaji pamoja. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehamishwa kutoka huko Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, serikali ikisema ni kwa hiari na wengine wakikana. Upande wa Msumbiji, hifadhi ya Limpopo iliyoundwa mwaka 2001 ili kuungana na Kruger imekwisha kuhamisha vijiji kadhaa. Ufagio haujawekwa darini. Umebadili mshiko tu.

Hapa ndipo wajibu wa wanafunzi na walimu wa lugha unapoonekana. Si kazi yao kuweka uzio wala kuuondoa. Kazi yao ni kulinda maana, kwani dhulma hujificha kwanza katika neno kabla ya kujificha katika sheria. Wakikubali kwamba safari ni kutazama wanyama kwa dirisha, watakuwa wametia sahihi kufukuzwa kwa mwenyeji katika lugha yake mwenyewe. Yamekwisha kuonekana matangazo ya Kiswahili yanayomwita mtu wa Arusha aende safari, kana kwamba babu yake hakusafiri mpaka alipoona kifaru. Tangazo la namna hiyo ni tafsiri ya Kiingereza iliyovaa kanzu.

Familia na iende Kruger, ijiendeshe, izime injini kando ya mto na kunyamaza mbele ya tembo. Lakini ikifika Punda Maria na iwaambie watoto jina hilo limetoka wapi. Asubuhi moja iache ufunguo mfukoni, ipande Thulamela nyuma ya kiongozi, imwulize jina lake na la kijiji chake, na imsikilize mpaka amalize. Ikilala Pafuri na ijue ni nani mwenye nyumba. Asubuhi hiyo huenda chui akavuka barabara na familia isimwone. Hasara hiyo ni ndogo; chui hakuwahi kudai kwamba nchi ni yake peke yake.